Sauti ya Mwalimu na Megabaiti Themanini

Duka letu ni chumba kimoja chenye mlango mmoja na kazi mbili. Upande wa dirisha nimekaa mimi na cherehani yangu, maana sindano hutaka mwanga. Upande wa ukuta amekaa mke wangu na kompyuta za watu, zimepasuliwa matumbo, skrubu zake zimepangwa kwenye vifuniko vya chupa. Katikati ya meza kuna mstari wa chaki niliouchora kwa mkono wangu, kwa sababu uzi wangu uliwahi kuingia kwenye feni ya kompyuta ya mteja wake, na tone la risasi ya moto anayounganishia nyaya liliwahi kutoboa gauni la bibi harusi. Mstari huo anauheshimu siku akipenda.

Mtaa mzima unamwita Bisibisi. Huichomeka nyuma ya sikio na kuisahau, na siku ya harusi yetu ilibidi shangazi yake aichomoe kabla hatujapigwa picha. Kwa ufundi sina la kumkosoa. Ana mikono mizuri, macho makali na subira ya kukaa na mashine mbovu kutwa nzima bila kuitukana. Lakini ana ugonjwa mmoja: hawezi kuona kitu kimekaa bure. Vitambaa vyangu vilivyobaki huviokota chini na kufutia vioo vya kompyuta. Akikuta kiti kina nguo, nguo itaondoka na mtu atakaa.

Ugonjwa huo ameutoa kwao. Baba mkwe wangu, Mungu amrehemu, alikuwa na nyumba ya vyumba vitatu na watoto saba. Chumba kikubwa kuliko vyote kilikuwa sebule ya wageni: makochi yenye vitambaa vya kufuma, kabati la vioo, vikombe kumi na viwili ambavyo havijawahi kuguswa na chai. Ufunguo alikaa nao mzee mfukoni. Watoto wote saba walilala chumba kimoja, huyu kichwa huku na yule miguu huku, na mgeni aliyesubiriwa hakutokea. Bisibisi akiwa na miaka tisa alifungua kile kitasa kwa kijiko, akawaingiza wadogo zake, wakalala kwenye makochi mpaka asubuhi. Alichapwa sawasawa, na mpaka leo anasema hajawahi kulala usingizi mtamu kama ule. Mwambie mtu wa namna hiyo kwamba kitu fulani kimehifadhiwa, uone macho yake yanavyobadilika.

Sasa nimlete Mwalimu. Huyu ndiye aliyetufundisha hesabu sote wawili, ingawa mimi alinifundisha zaidi kusimama nje. Alikuwa na sauti! Akisema "Kaa!" darasani kwetu, darasa la jirani nalo lilikaa. Miaka miwili iliyopita madaktari walimpasua koo. Uhai ukabaki, sauti ikaenda. Akawa anatembea na daftari na kalamu, na watu, kama mnavyowajua watu, wakawa hawana muda wa kumsubiri aandike. Wanasoma neno la kwanza, wanakisia mengine, wanajibu wanavyotaka wao. Mwishowe akaacha kutoka nje.

Mke wangu aliposikia hayo hakulala raha. Akaenda shuleni, wakamtafutia stoo sanduku la kanda za zamani za masomo ya Mwalimu, alizorekodiwa kwa ajili ya watu wazima waliosoma jioni. Kwa miezi minne akawa anasikiliza na kukata, neno moja moja, kama mimi ninavyokata kola. Akapata maneno elfu sita na ushee, na silabi za kuungia yale yasiyokuwemo. Akayatia yote kwenye kompyuta ya mpakato ya Mwalimu mwenyewe, akaandika programu: mzee anachapa, mashine inasema kwa sauti yake mwenyewe. Siku ya kwanza Mwalimu alikaa pale pale kwenye kiti changu cha wateja, akachapa kwa vidole viwili, na duka zima likasikia: "Nani ameacha mlango wazi?" Mke wangu alikimbia kufunga mlango kwanza, ndipo akalia. Nami nililia, kwa nini nifiche.

Ila sauti ile ilikuwa na kasoro moja. Mashine ilikuwa kuukuu, kumbukumbu yake gigabaiti moja tu, na nafasi ya kuongezea nyingine ilikuwa imekufa kitambo. Maneno yote hayakuenea humo. Kwa hiyo kila sentensi ilibidi mashine ikayatafute mengine kwenye diski, nayo diski ilikuwa mzee kama mwenyewe. Mwalimu akichapa, mnakaa kimya sekunde nne, ndipo anasema. Yeye hakulalamika. Baada ya miaka miwili ya daftari, sekunde nne ni kitu gani? Aliyelalamika ni fundi.

"Ngoja ngoja huumiza matumbo," alikuwa akisema kila tukitoka kwa Mwalimu. "Nitaziondoa hizo sekunde, utaona."

Ndipo mwalimu mkuu wa shule, mama mmoja mpole anayevaa saa kubwa ya kiume, akampelekea Mwalimu habari: aje Jumatano ijayo afundishe kipindi kimoja cha hesabu, darasa la tano, kwa majaribio. Kikienda vizuri, atapewa vipindi viwili kila wiki. Mzee alitujia dukani kutuambia, akachapa mengine pia: kwamba watoto wakimcheka, basi, atarudi nyumbani na hatajaribu tena. Alilisema hilo bila huzuni, kama mtu anayekutajia jibu la hesabu. Sisi ndio tuliotazamana.

"Hawatakucheka, Mwalimu," mke wangu akasema. "Niachie hiyo mashine siku chache."

Hapo ndipo alipokutana na zile megabaiti themanini. Acha nieleze kama nilivyoelezwa, nikiwa na pini mdomoni na siwezi kubisha. Kompyuta ikiwashwa, wa kwanza kuamka si ule mfumo tunaouona. Anayeamka kwanza ni programu ndogo iliyotiwa ndani ya ubao wa mashine tangu kiwandani. Bisibisi anaiita mwenye nyumba. Mwenye nyumba huwasha vifaa, kisha humwamsha mpangaji, ndicho kiini cha mfumo, na kumkabidhi orodha ya kumbukumbu yote: kuanzia hapa mpaka hapa ni pako, tumia utakavyo, kuanzia hapa mpaka hapa pamehifadhiwa, usiguse, halafu hapa tena ni pako. Kiini chenye adabu huisoma orodha ile kabla ya kufanya jambo lingine lolote. Huzitia alama sehemu zilizokatazwa na kuziweka kando, na programu zinazofuata hazitajua hata kama sehemu hizo zipo.

"Zimehifadhiwa kwa ajili gani?" nikamuuliza nilipotema pini.

"Mwenye nyumba hasemi," akajibu. "Labda ana vitu vyake humo. Labda hana."

Lile "labda hana" alilisema kwa sauti ya mtoto wa miaka tisa mwenye kijiko mkononi. Ningekuwa na akili ningeikimbiza ile kompyuta mbali. Akachungulia ndani ya zile megabaiti themanini, akakuta sufuri tupu. "Sufuri! Zimekaa bure! Mzee anangoja sekunde nne, na hapa kuna nafasi imefungiwa sufuri!" Akaniambia kuna njia. Unaandika mstari mmoja wa amri, ambao kiini huusoma chenyewe wakati wa kuwaka, na mstari huo unakiambia kiachane na orodha ya mwenye nyumba mahali pale, kifuate yako. Akauandika. Maneno yote elfu sita na ushee yakaenea kwenye kumbukumbu, na sauti ikawa inatoka pale pale kidole kinapoinuka.

Aliijaribu siku tatu kutoka asubuhi mpaka jioni. Hakuna ilichokosea. Wateja wangu wakawa wanasahau nguo zao na kukaa kusikiliza mashine ikihesabu kurudi nyuma kutoka mia. Kila aliyeingia alimsifu, na wahenga walishasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Alhamisi tukampelekea Mwalimu. Akachapa, ikajibu papo hapo, akacheka bila sauti mpaka miwani ikamshuka puani.

Jumamosi akarudi, mpakato kwapani, daftari mkononi. Nilipoliona lile daftari nikaweka mkasi chini.

Aliandika kwamba mwalimu mkuu alimtembelea asubuhi kupanga kipindi. Mazungumzo yalianza vizuri. Kisha yeye akachapa: nimefurahi sana umekuja, mwalimu mkuu. Mashine ikasema: "Nimegawanya sana kipenyo, mwalimu mkuu, mabaki sita." Mama wa watu, kwa adabu zake, akatazama dari.

Mimi nilicheka, na sina la kujitetea. Mke wangu hakucheka. Akaiwasha mashine, akachapa sentensi ishirini, thelathini, hamsini. Zote sawa. Akamwambia Mwalimu achape mwenyewe. Sawa. Wakakaa saa nzima, na sauti ikatoka safi.

"Mwalimu," akasema mwishowe, polepole, "huenda kuna mahali unabonyeza pasipo."

Mwalimu akavitazama vidole vyake kama mtu anayetazama wanafunzi aliowaamini. Akaandika kwenye daftari: Huenda.

Jumatatu mchana ujumbe ukaja kwenye simu: imeanza tena. Tukafunga duka tukaenda. Mwalimu anaishi chumba na ukumbi nyuma ya kiwanda cha matofali. Vitabu vimepangwa kwa urefu, chaki ziko ndani ya kikombe, na ubao mdogo umetundikwa pale ambapo wengine hutundika picha za ndoa. Alikuwa ameizima mashine na kuiwasha upya, na ikawa inasema vizuri. Mke wangu akakaa akiitumbulia macho. Mimi, ili kupoza hali, nikaanza kisa cha mteja mmoja aliyeniletea suruali niipunguze kiuno, akaja kuichukua akiwa amenenepa, akaniambia nimemwibia kitambaa.

Nilipoanza tu, Mwalimu akashusha kifuniko cha mpakato, akakunja mikono juu yake, akanitazama. Nikakumbuka. Ndivyo alivyokuwa darasani: mtoto akisimama kujibu, Mwalimu hufunga kitabu. Alikuwa akisema kitabu kikiwa wazi sikio limefungwa. Basi nikasimulia kisa changu mpaka mwisho, mzee akitingisha mabega kwa kucheka. Kisha akainua kifuniko, akachapa, na mashine ikasema kwa sauti yake nzuri nzito: "Suruali sita kwa kumi, zidisha mlango."

"Mwalimu," mke wangu akasema, "hicho kifuniko huwa unakishusha mtu akiongea?"

Mzee akaitikia kwa kichwa.

"Kila mara?"

Akaitikia tena, safari hii kwa fahari kidogo, maana hakujua anaulizwa nini.

Uso wa mke wangu ulimshuka. Akaomba aondoke na mashine mpaka kesho, tukatoka, na njia nzima alitembea mbele yangu kama anayefukuzwa.

Dukani akanieleza, amenipa mgongo. Kifuniko kikishuka, kompyuta inalala. Na mwenye nyumba, ambaye kutwa nzima hana habari na chumba chake, huingia humo wakati wa kulala na wakati wa kuamka. Ana mambo yake ya kuandika, vifaa vilikuwa vimeachwaje, viamshwe vipi, na huyaandika pale pale palipohifadhiwa. Mke wangu alikuwa amepajaza mahali hapo maneno ya Mwalimu. Mwenye nyumba aliandika juu yake bila kosa lolote, kwa sababu pale ni pake. Mashine ikitafuta "nimefurahi" inaelekezwa kwenye "nimegawanya". Na dukani kwetu nani anashusha kifuniko? Hapa hakuna anayenyamaza mwenzake akisema.

"Nimekuelewa," nikasema. "Ni kama akiba ya mshono. Kile kitambaa tunachokiacha ndani ya upindo. Mteja anaona kimekaa bure, lakini siku akinenepa..."

"Si kama mshono," akanikata. "Kitambaa cha mshono ni cha mteja. Mimi nimelala kwenye kitanda cha mtu, naye akarudi."

Nikamwambia ni kama mshono kabisa. Akaniambia mimi kila kitu kwangu ni mshono. Tukabishana hivyo kwa muda, maana lilikuwa jambo jepesi kuliko lile lenyewe.

"Basi mwambie asishushe kifuniko," nikasema mwishowe. "Au uiambie mashine isilale."

"Betri yake haifiki hata nusu ya kipindi isipolala. Na nikishajua mwenye nyumba ana vitu humo, nitajuaje saa nyingine anayoingia? Leo ni kifuniko, kesho ni joto." Akaivuta mpakato karibu. "Halafu nimwambie nini Mwalimu? Aache kusikiliza?"

Akaufuta ule mstari. Kiini kikarudi kwenye orodha kama kilivyopewa. Akakishusha na kukiinua kifuniko cha mpakato mara arobaini, nami nikimhesabia kwa sauti, na kila mara ikasema lililochapwa. Baada ya sekunde nne.

Jumanne tukairudisha. "Imepona, Mwalimu," akasema. "Ila itangoja kidogo kabla ya kusema, kama zamani."

Mwalimu akachapa. Tukasubiri. "Samahani, mwanangu. Nimekusumbua bure na vidole vyangu vya kizee."

Hapo nikamgeukia mke wangu. Nilikuwa na uhakika atasema. Mashine ile, neno lile, mzee yule anamwangalia kwa macho ya unyenyekevu, nani angeweza kunyamaza?

"Usijali, Mwalimu," akasema.

Nilijizuia mpaka tukavuka kiwanda cha matofali. "Usijali?" nikalipuka. "Umefanya kosa wewe, ameomba radhi yeye, na wewe umemsamehe?"

"Punguza sauti."

"Siipunguzi!"

Nimeishi na huyu mwanamke miaka kumi na saba. Aliwahi kuniunguzia shati kwa pasi, akasema vitambaa vya siku hizi havina nguvu. Aliwahi kutupotezea njia saa mbili nzima, akasema barabara imehamishwa. Nimezoea, na nyumbani huwa nacheka. Lakini siku ile sikuweza kucheka.

"Kesho ana kipindi," akasema, akiangalia viatu vyake. "Nikimwambia mashine ilikuwa na kosa, ataingia darasani haiamini."

"Na sasa ataingia haamini vidole vyake. Lipi bora?"

Chakula cha jioni tulikula kama watu wawili walio kwenye foleni.

Jumatano tukakaa nyuma ya darasa, kwenye dawati la watoto, magoti yangu yamenifika kidevuni. Mwalimu mkuu alikuwa karibu na mlango na ratiba yake mapajani. Watoto walikuwa arobaini na mmoja, na kelele zao zingetosha mia. Mwalimu akaingia amevaa koti nililomshonea mimi, akaweka mpakato mezani, akachapa. Kimya cha sekunde nne. Nilizihesabu kwa vidole. Mtoto mmoja akaanza kucheka chini chini. Wa pili akamfuata.

"Hamjambo, darasa la tano."

Ile sauti! Kicheko kilikatika hapo hapo. Wakasimama wote kwa pamoja bila kuambiwa, wakaitikia mpaka madirisha yakatetemeka. Kilichofuata sikukitegemea. Kila Mwalimu alipochapa, watoto walinyamaza kumsubiri. Mwanzoni kwa udadisi, baadaye kwa hamu, wakiinama mbele, wengine wakihesabu kwa midomo: moja, mbili, tatu, nne. Sekunde zile mke wangu alizozipiga vita ziligeuka kuwa mahali pa kufikiri. Na mtoto aliposimama kujibu, kifuniko kikashushwa, mikono ikakunjwa, na mtoto akajiona anasikilizwa na mtu mzima mzima. Wakawa wananyoosha mikono hata kabla ya swali. Mwalimu mkuu akafungua kalamu na kuandika kitu kwenye ratiba, na nilipochungulia nikaona: Jumatatu, Jumatano.

Nilipumua. Nikamgusa mke wangu kwa kiwiko nimwonyeshe. Alikuwa amekaa wima kama fimbo, hatazami ratiba wala watoto.

Mwalimu akaandika ubaoni: kamba ya mita kumi na mbili inakatwa vipande vya mita mbili mbili. Mkasi utakata mara ngapi?

Sita, nikasema moyoni, mimi niliyeshika mkasi miaka ishirini na tatu. Darasa nalo likapiga kelele: sita! Binti mmoja mwembamba akasimama peke yake akasema tano, kwa sababu ukishakata mara ya tano kipande cha mwisho kinakuwa kimeshabaki chenyewe. Mwalimu akamwitikia kwa kichwa, akachapa.

"Ni tano. Mliosema sita, nyoosheni mikono."

Mikono ikapanda kwa aibu. Nami nikanyoosha wangu, maana dhamira ilinisuta, na watoto wa madawati ya jirani wakafurahi kupita kiasi.

"Msishushe. Humu ndani kukosea hakuna kiboko. Anayejificha ndiye anayenipa kazi. Kuna mwingine aliyekosea?"

Mkono wa mke wangu ukapanda.

Mwalimu akamwangalia kwa muda. Akachapa. "Fundi, nawe ulisema sita?"

"Hapana, Mwalimu. Mimi nilisema tano." Hata hapo hakuweza kujizuia. "Kosa langu ni jingine."

Mzee akashusha kifuniko, akakunja mikono. Vichwa arobaini na kimoja vikageuka nyuma. Mke wangu akasimama, na dawati likainuka naye kidogo.

"Mashine ilipokuwa inasema ovyo, si vidole vyako," akasema. "Ni mimi. Kulikuwa na sehemu imeandikwa isiguswe, nikaigusa, kwa sababu niliona imekaa bure. Sikuuliza ina kazi gani. Nimejua tangu juzi. Na jana ukaniomba samahani, nami nikaipokea."

Sioni haya kusema kwamba sijawahi kumpenda mke wangu kama nilivyompenda akiwa amesimama ndani ya lile dawati. Mwalimu akainua kifuniko. Akachapa polepole, kwa vidole vyake viwili, bila kuviangalia. Kisha tukasubiri. Watoto wakahesabu kwa midomo. Sijawahi kuona nne iko mbali kiasi kile.

"Basi nirudishie samahani yangu."

Mwalimu mkuu akaziba mdomo kwa ratiba. Mke wangu akavuta pumzi.

"Samahani, Mwalimu," akasema, kwa sauti ya kuita mteja ng'ambo ya barabara.

Mzee akaitikia kwa kichwa, akamwashiria akae. Akavitazama vidole vyake kidogo, akachukua chaki, akageukia ubao na kuandika swali la pili.